Tusiwahukumu wanafunzi kwa uandishi ambao hatukuwafundisha

Muda wa kukusanya tasnifu unapokaribia, steshenari zilizo nje ya mageti ya vyuo vikuu vyetu hufurika wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Wengi hufuata kuchapa na kubaindi kazi zao. Wapo wanaofuata jambo jingine, na kila aliyepita chuoni hapa nchini analijua: kuandikiwa. Mteja anataja mada, anaacha mwongozo wa idara, anatoa sehemu ya bumu lake, kisha baada ya siku kadhaa anakabidhiwa tasnifu ya Kiingereza kilichonyooka ambacho hataweza kukieleza mbele ya msimamizi wake.

Huo ni udanganyifu wa kitaaluma na gazeti hili halitautetea. Lakini biashara haishamiri pasipo wateja, na wateja hawa tumewazalisha wenyewe. Vyuo vinamdai mwanafunzi kitu ambacho hakuna aliyemfundisha kukifanya, kisha vinashangaa anapokwenda kukinunua.

Tuitazame safari yake. Mtoto wa Kitanzania wa kawaida anaingia darasa la kwanza akiwa na Kisukuma, Kiha, Kinyakyusa au mojawapo ya lugha zaidi ya 120 zinazozungumzwa nchini. Shule ya msingi ya serikali inamfundisha kwa Kiswahili, utaratibu uliopo tangu 1967. Akifika kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Sekondari anajibu mitihani kwa kukariri, kwa kuwa mtihani unamtaka arudishe alichopewa. Chuo kikuu ndicho kinachomwambia kwa mara ya kwanza kwamba ajenge hoja yake mwenyewe, aitetee kwa ushahidi, na aiandike kwa kurasa hamsini au sitini katika lugha ambayo hajawahi kuitumia kubishana na mtu.

Hatari hii haijaanza jana. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta kwamba hata kati ya wale wa chuo kikuu waliopimwa, wasiofikia asilimia 20 ndio walioweza kusoma bila taabu vitabu vyepesi vya masomo yao. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 nayo ikaahidi kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Pendekezo la Makweta halikutekelezwa, na ahadi ya 2014 haijafika katika kumbi za mihadhara. Zaidi ya miaka arobaini imepita, na mjadala wa lugha ipi itumike umekuwa kisingizio cha kutomsaidia mwanafunzi katika lugha yoyote.

Vyuo vitajibu kwamba kozi ya stadi za mawasiliano ipo. Ni kweli, ipo. Inafundishwa mwaka wa kwanza, mara nyingi katika ukumbi wenye mamia ya wanafunzi, na mhadhiri mmoja hawezi kusoma hata aya moja ya kila mmoja wao. Uandishi haufundishiki hivyo. Mtu hujifunza kuandika kwa kuandika, kusomwa, kuulizwa maswali na kuandika tena. Mwanafunzi anapodaiwa tasnifu mwaka wa tatu, kozi ile imebaki kuwa alama kwenye cheti cha matokeo.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa kilimo aliyekaa kijijini wiki kadhaa akiwahoji wakulima wa mpunga. Aliuliza kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili, na daftari lake limejaa Kiswahili. Ukimketisha akueleze alichokiona, atakueleza vizuri mno: wakulima wanaukwepa ushirika wa umwagiliaji kwa sababu ada inadaiwa kabla ya mavuno, wakati mifuko yao ni mitupu, na anayekopa ili alipe huishia kumuuzia mkopeshaji mpunga ungali shambani. Hapo pana utafiti. Afisa ugani na halmashauri wanaweza kuufanyia kazi kesho asubuhi. Sasa fungua sura ya nne ya tasnifu yake. Maelezo yote hayo yamekuwa sentensi moja ya Kiingereza inayosema kwamba wakulima walikabiliwa na tatizo la fedha. Pembeni msimamizi ameandika kwa wino mwekundu neno moja: sarufi.

Msimamizi hakukosea kuona kasoro. Ana lundo la wanafunzi wa kuwasimamia, vipindi vya kufundisha na tafiti zake mwenyewe. Lakini sarufi ndiyo hasara ndogo kuliko zote katika ukurasa ule. Ada, mavuno, mkopeshaji, vyote vimezama, na taifa limepoteza maarifa ambayo limegharamia kwa mkopo wa elimu ya juu. Jambo hili linatutia uchungu kuliko tunavyoweza kueleza katika safu hii.

Sasa imeongezeka hatari mpya, na ndiyo iliyotufanya tupige kengele leo. Tangu programu za akili bandia zinazoandika zianze kutumika kila mahali, vyuo duniani vimekimbilia programu nyingine zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Turnitin, inayotumika pia katika vyuo vyetu kukagua kazi zilizonakiliwa, iliongeza kipengele hicho Aprili 2023. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za watahiniwa wa TOEFL, watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa kazi ya mashine, ilhali ziliandikwa na binadamu. Insha za wanafunzi wa shule wa Kimarekani zilipita karibu zote. Turnitin haikuwa miongoni mwa hizo saba, lakini chanzo cha kosa kinapaswa kumtia hofu kila mhadhiri wa Tanzania: programu hizo hutilia shaka maandishi ambayo maneno yake yanatabirika, na mwenye msamiati mdogo huandika kwa maneno yanayotabirika. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, hukohuko Marekani, kilikizima kipengele cha Turnitin Agosti 2023, na upendeleo huo dhidi ya wasio wazawa wa Kiingereza ulikuwa miongoni mwa sababu kilizotaja.

Maana yake kwetu ni kwamba mwanafunzi mwaminifu, aliyekesha na kamusi akiunga sentensi zake fupi, anaweza kuitwa mwizi na programu ya kompyuta, huku mwenye fedha aliyeandikiwa na mtaalamu anapita salama. Chuo kinachomdiskoo mwanafunzi kwa asilimia iliyotolewa na programu kinatenda dhuluma.

Wapo watakaosema tunataka viwango vishushwe. Hapana. Tunataka wahitimu wanaoandika Kiingereza kizuri, na tunataka waandike pia Kiswahili kizuri cha kitaaluma, kwa kuwa kazi zinawasubiri katika lugha zote mbili. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Wakili kijana anatoka chuoni akiwa ameandika kila kitu kwa Kiingereza, kisha anatakiwa aandae hati za kesi kwa lugha ambayo hajawahi kuiandikia hoja ya kisheria hata mara moja.

Uwezo upo. Tasnifu za uzamivu zinaandikwa kwa Kiswahili katika vyuo vyetu, ingawa ni katika taaluma ya Kiswahili tu. Iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kamusi ya tiba baadaye. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kilianza mwaka 2014 kuwadai wanafunzi wapya wa shahada ya kwanza wasome isiZulu, na mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Rhodes kilitunuku uzamivu kwa tasnifu iliyoandikwa kwa isiXhosa. Wenzetu hao wana lugha rasmi nyingi za kuzigawia fedha. Sisi tunayo moja inayoeleweka nchi nzima.

Kinachohitajika kwa kuanzia si jengo jipya. Ni kila chuo kuwa na kitengo cha uandishi chenye walimu wanaozimudu Kiswahili na Kiingereza, ambako mwanafunzi ataketi na rasimu yake, aeleze kwanza kwa Kiswahili alichokigundua, kisha asaidiwe kukijenga kwa Kiingereza bila kukipoteza. Wanafunzi wa uzamili wanaweza kuandaliwa na kulipwa kwa kazi hiyo. Wasimamizi wakubali rasimu za mwanzo kwa Kiswahili. Kila tasnifu, ya fani yoyote, iwe na ikisiri ya Kiswahili inayosomeka na watu waliohojiwa. Na kozi ya mwaka wa kwanza ihamie karibu na tasnifu, katika makundi madogo.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ina mamlaka ya kuyafanya haya kuwa sharti la ithibati, nasi tunaitaka ifanye hivyo. Seneti za vyuo hazina haja ya kuingoja. Kabla wanafunzi wapya hawajaripoti, kila seneti ipitishe azimio kwamba hakuna mwanafunzi atakayeadhibiwa kwa asilimia ya programu peke yake, bila kuketishwa na kuulizwa kuhusu kazi yake, kwa Kiswahili kama akitaka.