Aliye fungiwa duka la kwenye simu aelezwe sababu

Wafanya biashara wengi walio kimbia vita Masisi, Rutshuru ao Nyiragongo hawakubeba duka. Walibeba simu. Ndani ya hiyo simu muna namba za wateja, picha za vikwembe, picha za nguo za chaguwa, na ukurasa wa Facebook ambao watu wa Goma na Bukavu wamezoea kuangalia. Kwa familia iliyo hama, huo ukurasa ndio duka lililo baki. Wengine wanatoa hata dola chache, wanatafuta mutu mwenye karte ya banki awalipie, ili tangazo lao lifikie watu wengi.

Kisha siku moja ukurasa umefungwa, ao tangazo limekataliwa. Ujumbe unasema umevunja sheria. Sheria gani? Hausemi wazi. Unaandika, mashine inakujibu. Hakuna ofisi hapa ya kwenda kupiga mulango, hakuna shefu wa kuona.

Ninaandika juu ya jambo hilo kwa sababu wengi wanafikiri ni shida yetu sisi tu watu wa inchi masikini. Hapana. Muangalie bwana mumoja na bibi yake huko Uingereza, Adam na Shivaun Raff. Mwaka 2006 waliacha kazi zao, wakafungua kwenye intaneti huduma inayo itwa Foundem. Kazi yake ilikuwa kulinganisha bei: mutu anatafuta kitu, anaonyeshwa wapi kinauzwa kwa bei nafuu. Walikuwa wanapata pesa kila mara muteja alipo bonyeza kwenda kwa muuzaji.

Karibu mara moja tu baada ya kufungua, Google ikawasukuma chini kabisa. Mutu akitafuta habari za kulinganisha bei, hakuwaona tena. Wanaeleza kwamba hata njia ya kulipia matangazo kwa Google ilifungwa kwa namna ingine: bei ya chini kabisa ya kubonyezwa mara moja ilitoka karibu peni 5 ikafika pauni 5. Ni mara 100. Nani atauza kitu na kupata faida hapo?

Mwanzoni walifikiri ni kosa la mashine tu, litasahihishwa. Waliomba, wakangoja. Mwaka 2008 programu moja ya televisheni huko Uingereza ikawataja kuwa bora katika kazi hiyo ya kulinganisha bei, lakini kwa Google walibaki chini. Mwaka 2009 wakapeleka mashitaka kwa Tume ya Ulaya. Tume ikafungua uchunguzi Novemba 2010. Faini ikakatwa tarehe 27 Juni 2017: euro bilioni 2.42, kwa sababu Google ilikuwa inaweka huduma yake yenyewe ya kulinganisha bei juu na kuwashusha wengine. Google ikakata rufaa, ikashindwa mwaka 2021, ikashindwa tena mara ya mwisho tarehe 10 Septemba 2024. Kampuni inasema ilisha badilisha namna yake ya kufanya tangu 2017.

Sasa tuhesabu vizuri. Foundem ilifungwa mwaka 2016. Faini ilikuja mwaka mumoja baadaye. Na ile pesa ya faini inaingia katika mfuko wa Umoja wa Ulaya, haiendi kwa aliye umia. Wao wenyewe wamelazimika kufungua kesi ingine ya kudai fidia. Watu wale walikuwa na elimu ya kompyuta, walikuwa na tume yenye nguvu karibu nao, na bado duka lilikufa mbele ya hukumu. Mama anaye uza vikwembe toka kambini atangoja miaka ngapi?

Ndiyo maana mimi sioni kwamba faini kubwa ndiyo kitu cha kwanza cha kuomba. Kitu cha kwanza ni kuelezwa sababu, na kuwa na mutu wa kujibu. Ulaya imekwisha kuandika jambo hilo: tangu Julai 2020, kampuni inayo fungia mufanya biashara kwenye jukwaa lake inapashwa kumupa sababu kwa maandishi, na kampuni kubwa zinapashwa kuwa na njia ya kupokea malalamiko yake. Najua kuna matapeli wengi kwenye Facebook, na kuwafungia ni kazi ya lazima. Lakini hata mwizi anaambiwa ameiba nini.

Sisi Kongo tuko na sheria ya Code du numérique, iliyo tiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023. Tuko na sheria ya 2018 juu ya bei na ushindani, pamoja na tume ya ushindani. Nigeria ilionyesha mwaka 2024 kwamba inchi ya Afrika inaweza kuikamata Meta, wenyewe wa Facebook na WhatsApp, na kuikatia faini ya dola milioni 220. Kwa hiyo wabunge wetu wasituambie haiwezekani. Waandike tu kwamba anaye kula pesa ya matangazo ya Mukongomani amujibu Mukongomani, kwa lugha anayo ielewa, katika siku zinazo hesabika.

Wakati tunangoja, vyama vya wafanya biashara wadogo vikusanye malalamiko pamoja. Barua ya mutu mumoja inapotea bure. Aliye fungiwa apige picha ya ule ujumbe, aandike tarehe na pesa aliyo lipa. Na namba za wateja, akina mama, muziandike kwenye kaye, musiziache ndani ya simu peke yake.