Makerere au Muni: Ukubwa wa Chuo kwa Mwanafunzi wa West Nile

Mwanafunzi wa Arua au Koboko, huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, aliyefaulu kidato cha sita huwa na vyuo vikuu vya aina mbili mbele yake. Kusini, jijini Kampala, mwendo wa karibu kilomita 500 kutoka Arua, kuna Makerere, chuo cha umma kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi na ambacho leo kina wanafunzi zaidi ya 30,000. Nyumbani kuna Muni, chuo cha umma kilichoanzishwa mwaka 2013, pamoja na kampasi ya Arua ya Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, ambacho kilifunguliwa Mbale mwaka 1988. Wazazi wengi huumaliza mjadala kwa jina tu: Makerere ni Makerere. Jina hilo lina uzito wa kweli, ila ni wachache wanaouliza lilipatikanaje.

Lilipatikana chuo kilipokuwa kidogo. Julius Nyerere, baadaye rais wa kwanza wa Tanzania, aliposomea ualimu pale kati ya 1943 na 1945, Makerere ilikuwa na wanafunzi wachache waliolala mabwenini, na walimu wao wakiishi kwenye kilima kile kile cha chuo. Mwaka 1949 chuo kilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London, na ni katika mpango huo marais wa baadaye walihitimu: Mwai Kibaki wa Kenya uchumi mwaka 1955, na Benjamin Mkapa wa Tanzania Kiingereza mwaka 1962. Ukubwa ulikuja baadaye, hasa mwanzoni mwa miaka ya 1990 pale mlango ulipofunguliwa kwa wanaojilipia karo. Msomi wa Uganda Mahmood Mamdani aliandika kitabu kizima kuhusu mageuzi hayo, kilichotoka mwaka 2007, akieleza jinsi idara zilivyogeuka kugombania wateja. Kwa hiyo mzazi anayemtaja Nyerere ili kumshawishi mwanawe aende Kampala anasifu chuo ambacho kwa umbo kilifanana zaidi na Muni ya leo kuliko na Makerere ya leo.

Hata hivyo, udogo peke yake si sifa. Marekani, ambako hoja ya chuo kikubwa na chuo kidogo ni ya siku nyingi, chuo kidogo kina maana maalumu. Vyuo kama Williams (1793) na Swarthmore (1864) vina wanafunzi wasiozidi elfu mbili na kitu, na vinafundisha elimu pana: mwanafunzi huingia bila kufungwa na kozi moja, husoma kemia huku anasoma historia na fasihi, kisha huchagua fani yake baada ya mwaka mmoja au miwili. Upande wa pili kuna vyuo vya umma vya majimbo vyenye makumi ya elfu ya wanafunzi, ambako mhadhara wa mwaka wa kwanza hujaza ukumbi, lakini maabara na maktaba zake hazina mfano katika chuo kidogo. Mghana Patrick Awuah, aliyesoma Swarthmore, aliupeleka mtindo huo Ghana alipoanzisha Ashesi mwaka 2002. Uganda hakuna chuo kilichouchukua mzima mzima. Kinachokaribia ni Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda kilichoanzishwa Mukono mwaka 1997, ambako kila mwanafunzi, awe wa sheria au wa biashara, hupitia masomo ya msingi ya uandishi, kompyuta na Biblia.

Kwingineko nchini, mfumo uliorithiwa Uingereza humfunga mwanafunzi kabla hajafika. Anadahiliwa kwenye kozi, na alama za masomo yake ya kidato cha sita hupewa uzito kulingana na kozi hiyo. Aliyeingia uhasibu atasoma uhasibu. Makerere ina vyuo vya ndani vya tiba ya mifugo, sheria, usanifu na sanaa, lakini mwanafunzi wa uhasibu hupita mbele ya majengo hayo miaka mitatu bila kuketi darasani humo. Upana upo, ila si wake. Muni nayo ni ndogo bila kuwa pana: ilianza na teknolojia ya habari, kisha ikaongeza ualimu wa sayansi, uuguzi na kilimo. Anayetaka kuwa daktari wa mifugo hana la kuchagua, asafiri tu.

Kinachobaki kulinganisha, basi, ni gharama, mazingira na walimu. Kwa gharama, sera za serikali huvuta huku na huku. Nafasi za wilaya, zilizoanza mwaka 2005, humwezesha mtoto wa Koboko kusoma chuo cha umma kwa ufadhili wa serikali. Akiipata nafasi hiyo Makerere, chuo cha mbali kinaweza kumgharimu mzazi kidogo kuliko kampasi ya kulipia iliyo karibu na nyumbani. Mkopo wa elimu ya juu uliowekewa sheria mwaka 2014 huvuta upande mwingine: unalipa karo na ada za chuo, si chakula wala malazi, na malazi ndiyo yanayoitafuna familia ya mbali. Hosteli ya Kikoni au Wandegeya, mitaa iliyo jirani na Makerere, hulipwa kila semista. Anayesoma Arua anaweza kurudi Koboko Ijumaa na kuondoka Jumapili na mfuko wa unga wa muhogo, jambo linaloonekana dogo kwa asiyewahi kukaa Kampala wiki mbili za mwisho wa semista.

Kwa mazingira, Kampala ina wizara, makao makuu ya benki, hospitali ya Mulago, na maktaba ya Makerere ambayo tangu 1958 ni mojawapo ya hazina za vitabu vya taifa. Mwanafunzi wa sheria au uchumi hawezi kupata hayo Arua. Lakini mwanafunzi wa uuguzi anayo hospitali ya rufaa mjini humo humo, na wa kilimo au ualimu ana eneo zima linalopokea wakimbizi wa Sudan Kusini na Kongo. Makazi ya wakimbizi ya Bidibidi, wilayani Yumbe, yalifunguliwa mwaka 2016 na yanahifadhi watu zaidi ya 200,000. Kwa fani hizo, kumpeleka kijana Kampala ni kumwondoa kwenye kazi yenyewe.

Udhaifu mkubwa wa chuo kidogo cha mkoani ni walimu. Faida yote ya udogo hutegemea mhadhiri anayemjua mwanafunzi kwa jina, anayesoma insha yake na kumrudishia na maoni. Maprofesa wengi wa Uganda wana nyumba na miradi yao Kampala, na mhadhiri wa muda anayeshuka kwenye basi, akafundisha siku mbili mfululizo na kuondoka, hampi mwanafunzi zaidi ya anachopata aliye nyuma kabisa ya ukumbi wa watu 300. Kabla ya kujaza fomu, swali la kumuuliza mwanafunzi wa mwaka wa pili ni hili: mwalimu wenu anaishi hapa Arua, au anakuja?