Kabla ya Kulaumu Tumbili, Uliza Namba Iliandikwa na Nani

Stima ikipotea Kenya nzima, sisi hutafuta mtu wa kumchekelea. Mwaka wa 2016 tulimpata, na hakuwa hata mtu.

Tarehe 7 Juni mwaka huo, tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana huku chini ya Embu, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mashine zingine za kituo zikalemewa, nazo zikajizima, na zaidi ya megawati 180 zikatoka kwa gridi. Nchi nzima giza kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili aliponea, KWS wakamchukua, na sisi tukabaki na vichekesho.

Mimi sina neno na tumbili. Kinachonisumbua ni venye stori iliishia kwake. Transfoma kujizima ilikuwa sawa kabisa, ndio imefundishwa hivyo. Lakini mnyama wa kilo chache anazimaje Mombasa, Kisumu na Mitunguu kwa wakati mmoja? Sehemu ya jibu ni akiba ya umeme iliyokuwepo siku hiyo. Sehemu nyingine ni namba ambazo mtu fulani aliketi na kompyuta akaziandika ndani ya vifaa, kisha akafunga laptopu akaenda zake. Hizo namba ndizo nataka tuongelee, juu karibu kila kijana anaweza kujifunza kuzisoma, na karibu hakuna anayeambiwa.

Kwa wale hamjui kwetu, Mitunguu iko Imenti Kusini, ukishuka kutoka Nkubu kuelekea Tharaka. Ni ndizi kila mahali. Tuna mradi wa umwagiliaji uliojengwa kwa usaidizi wa Ujerumani miaka ya 1980, maji yanashuka kwa mteremko kwenye mabomba. Sasa fikiria bomba limepasuka shambani kwa mtu mmoja. Unafunga wapi? Mwenye akili anafunga vali ya huyo mtu, wengine wanaendelea kumwagilia. Ukikimbia kufunga ya juu kabisa, umekausha kila mtu kwa sababu ya shamba moja.

Umeme uko hivyo hivyo, tofauti ni kwamba hauna muda wa kumpigia fundi simu. Kwa hivyo kila sehemu kuna kifaa kinaitwa relei. Kazi yake ni kuangalia mkondo na volteji, kuamua kama kuna shida, na kuiambia breka ijifungue. Kila kitu kinategemea nani anaamua haraka kuliko nani. Relei ya karibu na shida inafaa iwahi, ya juu isubiri kidogo.

Na kusubiri ni hesabu. Chukua relei imeambiwa ianze kuhesabu mkondo ukipita ampea 200. Tawi la mwembe linaangukia waya, mkondo unapanda mpaka 2000, yaani mara kumi. Kwenye mkunjo wa kawaida wa IEC, jibu ni karibu sekunde 2.97 ukizidisha na namba moja inaitwa kizidisho cha muda. Ukiandika 0.1, breka inafunguka baada ya sekunde 0.3 hivi. Ukiandika 1, inangoja karibu sekunde tatu, na sekunde tatu za ampea 2000 zinatosha kuyeyusha vitu. Sasa weka relei mbili kwa laini moja, ya kituoni na ya huko mashambani. Kawaida unaziachia nafasi ya sekunde 0.3 au 0.4 ndio zisigongane. Mtu akisahau, aandike 0.1 kwa zote mbili, zinaanza kushindana. Tawi limeanguka upande wa Tharaka, na kinyozi wa Mitunguu anabaki na mteja amenyolewa nusu kichwa.

Kuna kitu umeshaona hata kama hukuwahi kujua jina lake. Mvua inaanza, stima inapotea, inarudi baada ya sekunde chache, inapotea tena, inarudi, halafu inakufa kabisa. Nyumbani tulikuwa tunasema wanacheza na sisi. Kumbe ni rikloza, breka yenye subira. Shida nyingi za laini za juu ni za muda tu, tawi limegusa likatoka, ndege ametua vibaya. Kwa hivyo rikloza inafungua, inahesabu, inajaribu tena. Ijaribu mara ngapi, ingoje sekunde ngapi, hayo yote yaliandikwa na mtu.

Namba moja inaweza kuwa ndogo kiasi gani na bado ilete maafa? Tarehe 9 Novemba 1965, relei ya laini moja kwenye kituo cha Sir Adam Beck, Ontario, Kanada, ilikuwa imewekwa chini sana kwa mzigo wa siku hiyo. Hakukuwa na ajali wala radi. Mzigo ulipanda kawaida jioni, relei ikadhani ni hitilafu, ikakata. Laini zingine zikalemewa. Watu karibu milioni 30 wa Kanada na Marekani wakalala giza, New York ndani. Relei ilifanya vile iliambiwa, na iliambiwa kitambo, mzigo ukiwa mwingine.

Rudi nyumbani. Tarehe 6 Septemba 2024, kwa mujibu wa taarifa ya Waziri wa Kawi Opiyo Wandayi, laini ya kutoka Loiyangalani ilijizima kituoni Suswa ikiwa imebeba megawati 288 za upepo wa Turkana. Ikafuatwa na laini ya Ethiopia iliyokuwa na megawati 200. Jumla 488, zaidi ya robo ya umeme wote uliokuwa ukitumika dakika hiyo. Kukiwa na pengo kama hilo, masafa ya gridi yanashuka chini ya hezi 50, na relei zingine zinaanza kukata miji kwa zamu ndio nchi isianguke yote. Nani anakatwa kwanza? Nani anabakishwa? Hakuna mtu huketi siku hiyo kupiga kura. Orodha tayari iko ndani ya vifaa. Hiyo ni siasa, wasee, na imekaa ndani ya faili ya kompyuta.

Zamani namba hizi ziliwekwa kwa bisibisi, kwa relei yenye diski inayozunguka kama mita ya kale. Siku hizi relei ni kompyuta. Unachomeka waya, unafungua programu ya kampuni iliyoitengeneza. Siemens wana DIGSI, SEL wana AcSELerator QuickSet, ABB wana PCM600. Kila mtu na yake, kama chaja za simu enzi zile za pini nyembamba na pini nene.

Halafu kukaja kiwango cha IEC 61850, miaka ya mwanzo ya 2000, kujaribu kuwafanya waongee lugha moja. Ndani yake kuna lugha ya faili inaitwa SCL, na hapa ndipo nilishangaa mara ya kwanza kuifungua: ni XML. Maandishi tu, na alama za kufungua na kufunga. Kama umewahi kutengeneza ukurasa wa HTML kwa saiba, macho yako yatazoea kwa siku chache. Kuna faili ya ICD, inayosema kifaa kinaweza kufanya nini. Kuna SCD, inayoeleza kituo chote na nani anaongea na nani. Kuna CID, ile inaingia ndani ya kifaa chenyewe. Ukiona XCBR hiyo ni breka, ukiona PTOC hiyo ni ile relei ya mkondo uliozidi tuliyoipigia hesabu hapo juu.

Vifaa hutumiana ujumbe wa dharura unaoitwa GOOSE, ndio, kama bata bukini, wahandisi nao wana utani wao. Ujumbe wa kufungua breka unatakiwa kufika kwa milisekunde tatu nne hivi. Kila ujumbe unabeba namba ya toleo, confRev. Ukibadilisha orodha ya data kwa kifaa kimoja, namba ikapanda kuwa 2, na mwenzake bado anangoja 1, mwenzake hatauamini ule ujumbe. Waya ziko sawa, taa zinawaka kijani, na siku ya shida breka haitasikia ikiitwa. Mtu wa kugundua hilo ni yule anayesoma faili mstari kwa mstari.

Nisiwadanganye, kiwango hakijamaliza mambo yote. Mawasiliano yameelewana, lakini namba za ulinzi zenyewe mara nyingi bado unaziingiza kwa programu ya kampuni. Kwa hivyo anayejua moja tu ni nusu fundi.

Nimeuliza marafiki zangu wanaosomea umeme, vyuo tofauti. Wanaweza kukuchorea transfoma wakiwa wamelala. Waya za nyumba, mota, hesabu za mkondo, wako fiti. Ukiwauliza kama wamewahi kufungua hata faili moja ya SCL wanakuuliza ni nini hiyo. Na hawa ndio tunatarajia waajiriwe na KETRACO na Kenya Power. Mkandarasi atatoka nje na watu wake na laptopu zao, vijana wetu watachimba mashimo ya nguzo na kuvuta waya. Sidharau kuchimba mashimo. Nasema tu pesa na uamuzi viko kwenye laptopu.

Kuna watu wataniambia hii ni kazi ya hatari, si ya watoto wa TikTok. Nakubali ni hatari, ndio maana nataka watu wajifunzie mbali na stima. Rubani huanza na mashine ya kuigiza. Kuna maktaba ya programu huria inaitwa libiec61850, unaiweka kwa kompyuta ya kawaida, au Raspberry Pi, na inajifanya kifaa cha kituoni. Kuna OpenSCD, nayo ni huria, ya kuhariri faili za SCL ndani ya kivinjari. Hazijaunganishwa na waya wowote wa Kenya Power, hautaua mtu. Kitu usifanye ni kuruka ua la kituo chochote na laptopu yako kwa sababu ulisoma hapa. Kituo kina wenyewe, na fundi wa umeme anahitaji leseni ya EPRA.

Wengine watasema ni siri ya usalama wa taifa. Tarehe 17 Desemba 2016, Kyiv ilipoteza sehemu ya umeme wake kwa karibu saa moja kwa sababu ya programu hasidi iliyobatizwa Industroyer. Ilikuwa inaongea lugha za vituo vya umeme, IEC 61850 ikiwemo. Wabaya walishasoma kitabu, buda. Namba za kila kituo na nywila zake zinafaa zibaki siri, hapo hatubishani. Lakini ufundi wenyewe ukiuficha, unamficha tu yule mtu wako ambaye angekulinda.

Sheria ya Kawi ya 2019 tayari inataka kampuni za sekta hii ziwe na mipango ya kuwapa Wakenya ajira na mafunzo. Neno mafunzo ni pana, linaweza kuwa semina ya siku mbili na chai ya saa nne. Mimi nataka iandikwe wazi kwenye kila mkataba wa kujenga kituo: faili zote za usanidi zikabidhiwe kwa mwenye kituo zikiwa kamili, nywila zibadilishwe mkandarasi akiondoka, na wakati wa majaribio ya mwisho kuwe na wanafunzi wa eneo hilo chumbani. Wasiwe wa kupiga picha. Wakae na faili mbele yao, waulize kwa nini 0.1 na si 0.15.

Na usifikirie kazi ni Suswa peke yake. Kiwanda cha majani chai cha Imenti, hapa kwetu, kina mtambo wake mdogo wa maji unaouza umeme kwa gridi. Kila mtambo kama huo unahitaji relei ya kuuunganisha na kuutenganisha na gridi, na kila relei inahitaji mtu wa kuielewa ikikataa saa nane usiku. Ongeza sola za viwandani, ongeza betri. Huyo mtu akitoka Nairobi ni saa kadhaa barabarani. Akitoka Nkubu ni boda ya mia.

Tuanze na kitu kidogo. Mvua ijayo, stima ikipotea na kurudi, usilalamike kwanza. Toa simu, washa saa, hesabu ilikaa sekunde ngapi kabla irudi, na ilijaribu mara ngapi kabla ikufe. Niandikie saa, mtaa na hizo sekunde: Mitunguu, Nkubu, Kanyakine, Igoji, popote ulipo. Nitaziweka kwa jedwali moja, na wiki ijayo tukae nalo tuone kama tunaweza kukisia namba iliyoandikwa ndani ya rikloza ya laini yetu.