Msamaria Mwema Alilipa kwa Fedha Yake



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tunaomba kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulitaji hata katika kitubio, kwa kuwa hatulihesabu kuwa ni dhambi. Nalo ni desturi ya kuazimana kadi za bima ya afya. Kutoka Mbagala hadi Bunju, mtumishi mwenye kadi humpa mdogo wake, shemeji yake au jirani yake, naye huenda dirishani akajitaja kwa jina lisilo lake, huku mhudumu akifumba macho asilinganishe picha na sura. Siku mwajiri anapopata taarifa, na mtumishi akaandikiwa barua ya kujieleza, jumuiya nzima huugua pamoja naye ikisema, "Ameponzwa na huruma yake." Sisi tunasema hapana. Huruma haijamponza mtu yeyote. Kilichomponza ni kutoa kisichokuwa chake.

Tuanze na kadi yenyewe. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. Kwa mchango huo hutibiwa mwanachama, mwenzi wake, na wategemezi wasiozidi wanne walioandikishwa kwa majina yao.

Wapo wanaosema: "Ni fedha yangu niliyokatwa, mwaka mzima sijaumwa, kuna kosa gani nikimpa ndugu yangu?" Ndugu zetu, bima si kibubu. Bima ni kama mchango wa msiba mtaani: twatoa ili mwenzetu afiwapo asiaibike, wala hakuna anayedai arudishiwe mchango wake kwa kuwa mwaka huo kwake hapajafiwa. Mgonjwa anayesafishwa damu kwa sababu ya figo, mara tatu kwa juma, hutumia kwa mwezi mmoja zaidi ya michango ya mwaka mzima ya makarani kadhaa. Huyo ndiye tunayemnyang'anya. Na tukumbuke Toto Afya Kadi, iliyolipiwa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa kila mtoto. Mwaka 2023 Mfuko ulisitisha kuwaandikisha watoto mmoja mmoja kwa njia hiyo, ukieleza kwamba wengi waliletwa wakiwa tayari wagonjwa. Wazazi wale hawakumdanganya mtu. Hata hivyo mzigo ulielemea. Itakuwaje basi tukiongeza juu yake wagonjwa wa majina ya kuazima?

Wengine husema: "Lakini ni tendo la huruma." Tusome vizuri Injili ya Luka, sura ya 10. Msamaria alipomfikisha majeruhi kwenye nyumba ya wageni, alitoa dinari mbili kutoka mfukoni mwake, akaahidi kulipa kitakachozidi. Hakumwambia mwenye nyumba aandike gharama kwa jina la Kuhani au Mlawi. Huruma humgharimu anayeitoa. Ile isiyomgharimu yeye bali wengine wasiojua, ina jina lake katika amri ya saba. Na kujitaja kwa jina la mwingine kuna jina lake katika amri ya nane.

Tena uongo huo haubaki dirishani. Huingia katika jalada la hospitali. Kesho mwenye kadi analetwa Temeke au Mwananyamala hajitambui, na daktari anasoma kisukari ambacho si chake na dawa ambazo hajapata kuzimeza. Mama anajifungua kwa jina la dada yake, na miaka baadaye mtoto anapotafutiwa cheti cha kuzaliwa, mama aliyemzaa hayumo katika karatasi. Au mgonjwa anafariki wodini kwa jina la mtu aliye hai, na familia inasimama mbele ya chumba cha maiti bila kujua iseme ukweli upi. Hiyo ndiyo huruma tunayoisifu?

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu: "Wakubwa wanaiba zaidi." Ni kweli wapo wenye vituo wanaodai malipo ya dawa ambazo mgonjwa hakupewa. Wapo pia waajiri wanaokata mchango wa mfanyakazi wasiufikishe panapohusika. Hao wana dhambi nzito kuliko karani aliyeazima kadi, nasi tunasema wazi kwamba mkono wa sheria uanzie kwao. Lakini mwizi mkubwa hamtakasi mwizi mdogo. Na mhudumu aliyejifunza kufumba macho kwa ajili yetu, atayafumba vilevile kwa ajili ya hao wakubwa.

Kwenu waajiri: barua ya nidhamu isiwe panga. Kanuni za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zinataka uchunguzi ufanyike, mtuhumiwa apewe muda usiopungua saa 48 kujiandaa, na aruhusiwe kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Watumishi wa umma nao wana taratibu zao. Kumfukuza mtu bila kumsikiliza ni dhuluma, hata kama kosa alilitenda.

Kwako uliyepokea barua: haki ya kusikilizwa si haki ya kusema uongo. Usitafute mhudumu wa kumhonga ili kumbukumbu zipotee. Wala usije parokiani kuomba barua ya kukutetea kwamba hukujua. Barua hiyo hatutaiandika. Njoo tusali pamoja, kisha nenda ukaseme ukweli na ukaombe namna ya kulipa. Zakayo hakusema kwamba watoza ushuru wote hufanya hivyo. Alisimama akaahidi kurudisha mara nne. Kitubio bila malipizi ni nusu ya safari.

Kwetu sote katika jumuiya ndogondogo: ni nani aliyemsukuma mtumishi huyu? Ni sisi tuliomwambia, "Una kadi, nawe unamwacha mtoto wa ndugu yako ateseke?" Sisi tunaochanga mamilioni kwa harusi na vikao vya harusi, ajapo mgonjwa tunatafuta kadi ya mtu. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ni wajibu wetu kudai imfikie kila maskini. Wakati huohuo, kila jumuiya na iwe na mfuko wake wa wagonjwa, hata kama ni wa shilingi mia tano kila mkutano. Tuwasindikize wasio na uwezo hadi ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini, maana sera inawapa msamaha wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza. Na wenye kadi waandikishe wazazi wao mapema, kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Dinari mbili za haki zinamtosha Mungu kuanzia. Tunawatakia Dominika njema.