ALAMA ILIYOIBIWA (Sehemu ya 9)

 

Leo naweka pembeni uji na chanjo. Mmoja wenu aliniandikia kwamba mwanawe wa darasa la sita ameona bendera ya Hitler kwenye simu. Walipokwenda Dar, akaiona alama ileile imechorwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa duka. Akauliza: "Mama, kwani huyu Mhindi ni mtu wa Hitler?" Mama akakosa la kujibu.

Jibu ni hapana. Na sio hapana ndogo.

Alama ile inaitwa swastika. Ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya dini kule India, na maana yake ni heri, ustawi, mambo yawe mema. Imechongwa kwenye mihuri ya Bonde la Indus zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Wahindu wanayo, Wajaini wanayo, Wabudha wanayo. Wafanyabiashara wa Kigujarati, ambao ndio wengi kwenye pwani yetu hii, huiita sathiyo. Siku ya Diwali wanafungua daftari jipya la hesabu na kuichora ukurasa wa mwanzo, kama sisi tunavyoanza jambo kwa Bismillahi. Harusini ipo, mlangoni ipo. Ni dua iliyochorwa.

Sasa mwizi aliingiaje? Karne ya 19 wasomi wa Ulaya waliiona alama hii kwenye vitu vya kale vilivyofukuliwa, wakadai ni chapa ya "Waarya". Hata neno hilo ni la Kisanskriti, linamaanisha mtu muungwana, mtukufu. Wao wakaligeuza kuwa jina la taifa la wazungu bora kuliko watu wote. Mwaka 1920 chama cha Hitler kikaichukua swastika kuwa alama yake, na Septemba 1935 ikawa bendera ya nchi nzima ya Ujerumani. Wahindu hawakuulizwa.

Na msidhani mambo haya yaliishia Ulaya. Miaka ya 1930 Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, lakini walowezi wa Kijerumani walikuwepo bado, na chama cha Hitler kilikuwa na matawi humuhumu nchini. Vita vilipoanza Septemba 1939, Waingereza wakawakamata na kuwaweka kizuizini. Yaani nchi moja, miaka ileile: huku Mhindu anachora alama kwenye daftari lake kuomba baraka, kule mlowezi anapandisha bendera yenye alama hiyohiyo akiamini mimi na wewe ni watu wa chini.

Najua kuna atakayesema, "Nesi, sisi tunahangaika na maji na bei ya korosho, Hitler anatuhusu nini?" Nakujibu mara mbili.

Kwanza, yupo mtu wa pwani yetu aliyekufa chini ya bendera ile. Alikuwa Mahjub bin Adam Mohamed, Wajerumani wakimwita Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Vita ya kwanza ilipoanza alikuwa na miaka 10 tu, akaingia jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake askari. Oktoba 1917 alijeruhiwa kwenye mapigano ya Mahiwa, hapahapa mkoani kwetu Lindi. Mwaka 1929 akaenda Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa. Hakuupata. Akabaki hukohuko: akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili, akaigiza kwenye filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu. Akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Aliipigania Ujerumani akiwa mtoto. Haikumsaidia kitu.

Pili, na hili linaniuma kama mkunga. Agosti 1939 serikali ya Hitler iliwaagiza madaktari na wakunga waripoti kila mtoto mchanga, na kila mtoto wa chini ya miaka 3, mwenye ulemavu mkubwa: kichwa maji, kupooza, viungo visivyo kamili, mtindio wa ubongo. Wazazi wakaambiwa watoto wanapelekwa kwenye wodi maalumu zenye matibabu bora. Huko waliuawa kwa kuzidishiwa dawa au kwa kunyimwa chakula. Watoto wasiopungua 5,000. Na waliowapa dawa ile ni pamoja na manesi.

Nasi hapa kliniki tunaandika. Mtoto akizaliwa na mguu kifundo, mdomo sungura au mgongo wazi, tunaandika. Ila tunaandika ili apewe rufaa akatibiwe. Kalamu ni ileile na fomu zinafanana, kilicho tofauti ni nia. Ndiyo maana nawasihi kila siku msiwafiche watoto wenye ulemavu ndani, na ndiyo maana namwogopa mtu yeyote anayeanza kuhesabu nani anastahili kuishi, awe na bendera gani.

Wengine watasema basi alama hiyo ipigwe marufuku kila mahali. Wazo hilo liliwahi kutolewa Umoja wa Ulaya, na mwaka 2007 Wahindu wa Uingereza walisimama kulipinga. Mimi nawaunga mkono. Tujiangalie wenyewe. Tangu Oktoba 2017, ng'ambo ya Ruvuma kule Cabo Delgado, kuna watu wanachinja wanavijiji na kuchoma nyumba, na bendera yao nyeusi imeandikwa shahada. Baadhi ya waliojiunga nao ni vijana kutoka Tanzania, wana wa mama kama sisi. Je, tuache kutamka shahada kwa sababu muuaji ameiandika kwenye bendera? Je, jirani asiye Mwislamu akiiona ukutani kwako akimbie? Utasema hapana, hiyo ni yetu na yule ameiba. Basi na Mhindu mpe haki hiyohiyo.

Tena sisi tuna tabia. Tumekua tukisema "Baniani mbaya kiatu chake dawa" bila kujiuliza huyo Baniani alitukosea nini. Mtoto anaanza na methali, anaongezea picha aliyoiona kwenye simu, mwisho anamtukana mzee wa watu dukani.

Kwa hiyo mama, mwanao akikuuliza, usimwambie "nyamaza, hayo ya wakubwa". Mwambie ilianza kwa Wahindu kama dua, ikaja kuibiwa. Ya Wahindu mara nyingi ni nyekundu au ya manjano, imesimama wima, ina nukta nne, ipo mlangoni, hekaluni au kwenye daftari. Ya Hitler ni nyeusi, imelazwa upande, ndani ya duara jeupe kwenye kitambaa chekundu. Usihangaike na mikono yake inapindia wapi, Wahindu wenyewe wanachora pande zote mbili. Angalia ipo wapi na nani kaiweka.

Ukikuta fulana ya mtumba ina hiyo nyeusi ya kwenye duara jeupe, usimvalishe mtoto hata kama ni shilingi mia tano. Na kijana wako akianza kuvutiwa na kikundi chochote kwa sababu ya bendera yake au maneno matukufu yaliyoandikwa juu yake, mkalishe umuulize: hawa watu wanafanya nini kwa mtoto mgonjwa, kwa mjane, kwa jirani wa dini nyingine? Jibu la swali hilo ndilo litakalokwambia ni watu gani.

Ukiona limekugusa, msomee na baba watoto. Maswali wekeni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Sehemu ya 10 tunarudi kwenye vidonge vya foliki asidi na mgongo wazi, na nitaeleza kwa nini uanze kumeza kabla hujabeba mimba.