Adabu ya Kutazama Nyikani

NASAHA ZA WIKI
Na Bin Rajabu

Miezi ya Januari na Februari, wakati nyanda za kusini mwa Serengeti zimekwisha kunyweshwa mvua na majani mafupi yamechipua hata upeo wa macho, ndiyo miezi ambayo nyumbu huzaa, na ndiyo miezi ambayo watu wa karibu na wa mbali hufunga safari kwenda kuwatazama. Safari hiyo naisifu kwa moyo mkunjufu, na namsihi kila Mtanzania mwenye uwezo aifanye, kwani kiingilio alichowekewa raia ni kidogo mno kikilinganishwa na cha mgeni, na si insafu mtu wa Ulaya avuke bahari kuja kuona kitu ambacho mtu wa Mwanza au Musoma hajapata kukiona ilhali kipo mlangoni pake. Lakini wema wa safari haukamiliki kwa kufika tu. Hukamilika kwa namna mtu anavyokaa baada ya kufika, na hapo ndipo lilipo neno langu la wiki hii.

Ada iliyoenea sasa ni ya pupa. Watu huingia langoni asubuhi na orodha ya matakwa yao, simba, chui, tembo, nyati na kifaru, kana kwamba nyika ni duka na mwenye fedha hana budi kuhudumiwa upesi. Dereva, ambaye bakshishi yake yategemea orodha hiyo, hutega sikio kwenye simu ya upepo, na sauti ikisema kwamba chui yupo juu ya mgunga karibu na Seronera, katikati ya hifadhi, hugeuza gari kwa harara, na wenzake wa pande zote hufanya vivyo hivyo, hata baada ya muda mfupi mti mmoja umezingirwa na magari, moshi wa dizeli umetanda, na watu wamesimama juu ya viti wakipishana kupiga picha. Kisha wote hutawanyika kumwandama simba, pasipo hata mmoja wao kujua chui yule alikuwa akitazama nini. Simlaumu dereva, maana yeye hutii matakwa ya waliompa riziki. Lawama ni yetu sisi tunaoketi nyuma yake.

Anayeumia zaidi ni duma. Mnyama huyu aghalabu huwinda mchana, kwa kuwa usiku ni milki ya simba na fisi, ambao humpokonya windo na kumwulia watoto. Hupanda juu ya kichuguu akaipima mbuga kwa macho, hushuka akanyemelea, kisha hutoka mbio kali za muda mfupi ambazo humwacha akihema kifua mbele, hata asiweze kula papo hapo. Kila hatua ya kazi hiyo yataka utulivu, na gari moja likikatiza kati yake na swala, jasho lake limepotea bure. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 juu ya duma wa Maasai Mara, ambayo ni nyika moja na Serengeti iliyogawanywa na mpaka wa nchi, ulionyesha kwamba katika sehemu zenye watalii wachache kila uzao mmoja ulifikisha kwa wastani watoto wawili na zaidi kwenye umri wa kujitegemea, ilhali katika sehemu zenye watalii wengi duma alihitaji kuzaa mara tano ili apatikane mtoto mmoja. Basi hivyo ndivyo mapenzi yasiyo na adabu yanavyoweza kumdhuru mpendwa.

Mtu akizima gari mahali pamoja, mbali kiasi na kundi la nyumbu, akastahimili kimya, ataoneshwa mambo ambayo orodha haina. Ataona jike akijitenga hatua chache, akalala, akainuka, akalala tena. Ataona ndama akitoka miguu ya mbele kwanza, rangi yake ya hudhurungi isiyofanana na weusi wa mama yake. Atamwona akijaribu kusimama, magoti yakikunjika, pua ikigonga ardhi, akijaribu tena na tena, na kabla ya robo saa kupita ndama huyo aghalabu amekwisha kusimama na kujikongoja ubavuni mwa mama yake. Tena atafahamu kwa nini pupa ni dhuluma mahali hapo: ndama mchanga hufuata kinachotembea karibu naye, na kundi likitimuliwa akaachwa nyuma, huweza kulifuata gari lenyewe akilidhania mama, wala jike mwingine hakubali kumnyonyesha. Na akimwuliza mwongozaji sababu ya nyumbu kuuchagua uwanda huu usio na kivuli, ataelezwa kwamba udongo wake ni majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, kwamba chini yake pana tabaka gumu linalozuia mizizi ya miti, na kwamba majani yake mafupi yamejaa kalsiamu na fosforasi anazozihitaji kila jike mwenye kunyonyesha.

Haifai kusahau kwamba uwanda huu umelipiwa thamani kubwa. Mwaka 1959, miaka minane baada ya Hifadhi ya Serengeti kuanzishwa, Wamaasai waliokuwa wakichunga humo walihamishiwa Ngorongoro, wakaacha malisho na maji ya wazee wao; na nyumbu, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1960 hawakuzidi laki tatu, walivuka milioni moja katika muongo uliofuata kwa sababu ng'ombe wa wafugaji walichanjwa dhidi ya sotoka, na maradhi hayo, yaliyokuwa yakiwaua nyumbu pia, yakatoweka. Mwezi Septemba 1961, katika tamko la uhifadhi lililotolewa Arusha, Mwalimu Nyerere aliwakubali wanyamapori wetu kuwa amana ya kutunzwa kwa ajili ya wajukuu zetu. Anayeingia hifadhini, basi, anaingia katika mali iliyogharimiwa na wengine, na ni wajibu wake kuitazama kwa staha.

Kanuni za hifadhi, za kutoiacha barabara, kutoteremka ovyo na kutozidi kilomita 50 kwa saa, ni njema, lakini hazitoshi pasipo kikomo cha magari kwa mnyama mmoja kinachosimamiwa na askari aliyepo papo hapo. Wenye makampuni ya utalii wawalipe madereva ujira wa haki, ili riziki yao isitegemee kumsogelea chui. Walimu wanaopeleka wanafunzi wawape kila mmoja daftari na kazi ya kuandika yote anayoyaona kwa saa moja mahali pamoja. Nawe msomaji, siku utakapokwenda, mwambie dereva wako tangu alfajiri kwamba hutamdai simba, kwamba gari likikuta msongamano lipite, na kwamba bakshishi yake ipo kamili hata kama chui hakuonekana. Maneno hayo hayagharimu kitu, na yakisemwa katika magari mengi, duma watalea watoto wao.