Nyumba kuukuu Mwanza na gharama ya joto asiyoitaja dalali

WANUNUZI wa nyumba kuukuu jijini Mwanza, hususan zile za Isamilo na Capri Point, hukagua hati, paa na nyufa, kisha wakaketi na dalali kupatana bei. Ni wachache wanaouliza nyumba hiyo itakula nishati kiasi gani kila mwezi.

Mwanza si Njombe wala Makete. Mji huu wa ziwani, ulio takriban meta 1,140 juu ya usawa wa bahari, hauhitaji dohani la kuotea moto. Joto linalonunuliwa hapa ni la jikoni na la maji ya kuoga.

Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi joto 24 hadi 40 kwa umeme hutumia takriban uniti 0.37. Familia ya watu sita, kila mmoja akioga ndoo moja kwa siku, humaliza uniti 67 kwa mwezi kabla ya kuwasha taa, pasi wala jokofu.

Hapo ndipo penye mtego. Kwa viwango vya EWURA vya mwaka 2016, mteja wa daraja la D1, ambaye wastani wa matumizi yake hauzidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa Sh100 kwa uniti. Akihamishiwa T1 hulipa Sh292, ambazo pamoja na kodi na tozo hufika takriban Sh356. Kwa hiyo matumizi madogo ya muuzaji aliyekuwa akiishi na mkewe tu, wakichemsha maji kwa mkaa, hayamsaidii kitu mnunuzi mwenye watoto wanne.

Dawa ni kuomba risiti za LUKU. Baada ya makato mengine, Sh10,000 zilizotoa uniti 80 hivi zaonyesha mita ipo D1. Zikitoa 28, ipo T1. Aidha, tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na nyumba iliyokaa bila mtu yaweza kumpokea mmiliki mpya kwa malimbikizo ya miezi mingi.

Lililo zito zaidi, hata hivyo, si fedha. Hita ya bafuni ya kilowati 3.5 huvuta takriban ampea 15, mzigo ambao nyaya nyembamba zilizotandazwa zamani kwa ajili ya taa hazikukusudiwa kuubeba. Pasipo waya wa ethi, hitilafu ndogo katika bafu lenye maji yaweza kuua. Fundi mwenye leseni ya EWURA anapaswa kuingia ndani ya nyumba hiyo kabla ya malipo ya awali, na gharama ya kutandaza nyaya upya ipunguzwe katika bei, wakati muuzaji bado ana sababu ya kusikiliza.